Sampuli ya Kumi na Nne

Bukini elfu tisa wa Dezső walizimwa Jumatatu
kwa gesi, chini ya turubai, theluji ikianguka.
Kwangu kilifika kijiti cha pamba ndani ya kichupa,
namba kumi na nne kwa kalamu ya bluu,
na unyoya mmoja ulionasa kwenye gundi ya lebo.

Alinipigia kabla mashine haijapoa.
"Ni Vendel. Lori lake la chakula
lilipita uani kwangu, nililiona kwa macho yangu.
Andika hivyo."
Siandiki hivyo. Nasoma.

Herufi ni nne tu, kirusi hakina alfabeti nyingine,
na kwa hizo nne kinajinakili usiku kucha
kama mwanafunzi mvivu na daftari la jirani:
alipokosea, kosa linabaki,
na atakayenakili kwake atalirithi kosa hilo,
aongeze na lake.
Ndivyo ninavyojua nani mzazi, nani mwana.
Si kwa sura. Kwa makosa.

Nilichora shajara.
Shinani, bukini-pori aliyeokotwa Novemba
ukingoni mwa ziwa la magadi, shingo imejipinda.
Juu yake kidogo, kumi na nne: Dezső.
Na kwenye kijitawi kilichochipuka hapo,
makosa yote ya Dezső, moja baada ya jingine,
na mawili mapya:
ishirini na mbili. Vendel.

Nilirudia hesabu. Nikala mkate
uliopakwa mafuta ya bukini, nikarudia.
Mti haukugeuka.

Shajara ina mipaka yake, nilimwambia kwenye simu.
Haitaji buti, wala gurudumu, wala siku.
Huenda kuna banda la tatu ambalo hatukulipima.
Inasema tu kwamba maji yanaonekana kutelemka
kutoka kwako kwenda kwake.

Kimya.
Nyuma yake nilisikia redio, kisha mlango,
kisha uwanja mzima usiolia.

"Ngazi," akasema mwishowe.
"Nilimrudishia ngazi yake, Jumapili ile,
wangu bado hawajaanza kufa.
Akaniingiza hadi bandani nikamwone dume lake jipya."

Akauliza kama Vendel keshapata karatasi.
Bado, nikasema, inaondoka kwa posta ya kesho.
"Basi," akasema, "nina usiku mmoja."