Mtego wa Taisto

Siku ya theluji ya kwanza Taisto alileta sanduku,
kompyuta iliyostaafishwa na ofisi ya ushuru hapa Kemi,
ubavuni bado ina kibandiko cha namba
kama ng'ombe wa mnada.
Akalitua juu ya kitambaa changu cha meza,
akavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.
"Irja," akasema, "hutapitwa tena na kitu."

Mimi huoka mikate usiku.
Saa tatu natoka, na tamthilia ya upelelezi
huanza saa tatu na nusu.
Miaka kumi na tisa nimeishi kwa kusimuliwa,
na Taisto hajui kusimulia:
"Mtu mmoja alikufa. Mwingine akakasirika."
Basi.

Wiki tatu tulikula tumepakata sahani.
Alilifungua ubavu, nikaona matumbo:
nyaya za rangi, feni iliyoota manyoya ya vumbi,
vijiti viwili vyembamba. "Hii ndiyo kumbukumbu."
Yote?
"Hii ya muda tu. Umeme ukikatika, inasahau."
Kama mama yako, nikasema.
Tukanyamaza. Kisha tukacheka,
maana marehemu mwenyewe angecheka.

Kadi ya kupokea matangazo aliipata kwa kijana wa Tornio
aliyetaka malipo nusu fedha, nusu samaki wa moshi.
Antena aliipandisha mwenyewe,
nyuzi ishirini chini ya sifuri, yeye juu ya paa,
mimi dirishani nikiwa macho yake:
Kushoto! Picha imevunjika.
Kulia! Picha imeganda.
Kila kitu kiliganda siku ile, hata masharubu.

Na programu nayo ikagoma.
Usiku ilimwandikia herufi nyeupe katika giza,
naye akaijibu kwa maneno ambayo hajawahi kuyapeleka kanisani,
hadi Alhamisi moja kitaa chekundu kikawaka,
kidogo kama punje ya tunda la porini,
na ndani ya sanduku kitu kikaanza kuzunguka.

Lakini kunasa ni kazi ya mtego,
na mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo.
Tulinasa matangazo ya matairi.
Tulinasa bwana wa hali ya hewa
akituahidi theluji iliyokwisha kuyeyuka.
Tulinasa mpira wa magongo, uliozidisha muda
ukaisukuma tamthilia yangu nyuma ya foleni,
hata mpelelezi alipowakusanya wote sebuleni,
akavua glavu, akainua kidole:
"Aliyemuua ni—"

Bluu. Kioo chote bluu.

Asubuhi ile, unga ungali kwenye nyusi zangu,
nikasema ni daktari.
Taisto akasema ni dada yule, yule wa mlango wa jikoni.
Dada gani, na mkono umefungwa bendeji?
"Bendeji ya uongo!"
Akasimama, huyu asiyejua kusimulia,
akanionyesha kwa kijiko cha uji
jinsi kisu kilivyoingia na kutoka,
akaigiza hata maiti.
Kahawa ikapoa. Paka akakimbilia juu ya sanduku,
penye joto, akalala kwenye glavu zangu.
Wiki iliyofuata tukamsingizia mchungaji.
Iliyofuata, mjane.

Krismasi, Jouni akaja kutoka Oulu.
Dakika mbili zilimtosha, hata koti hakuvua:
akaongeza robo saa mwishoni mwa kila kipindi.
"Kosa dogo tu, mama."

Tangu hapo wauaji wote wanajulikana.
Tunawaona, tunasema, "Aa."
Taisto anaosha vikombe.

Jana, nikitafuta glavu,
nilimkuta ameinamia kioo na miwani yake mbili,
anabofya, anahesabu kwa midomo:
kumi na tano, kumi, tano, sifuri.
Sikuuliza. Nikafunga koti, nikafungua mlango,
baridi ikaingia kabla sijatoka.
"Safari hii ni daktari," nikamwambia.
"Bado hata haijaanza," akasema,
wala hakugeuka.