Punguza Chumvi

Nesi wa Faza ameandika kwenye kadi yangu, wino wa buluu,
chini ya tarakimu za presha alizozizungushia duara:
punguza chumvi.
Akanibonyeza mguu kwa kidole gumba.
Shimo likabaki pale, likinitazama,
mpaka nikavaa kiatu.

Nilitaka kumwambia. Foleni ilikuwa ndefu.
Nimwambie kwamba kopo la chumvi jikoni kwangu
sasa ni la vifungo na sindano, tangu Rajabu?
Kwamba sitii chembe kwenye wali, wala kunde, wala samaki,
nayo yaja yenyewe, kwa mguu wake,
hupanda na kamba ya kisima
kama jamaa wa nyumba asiyebisha hodi?

Kisima chetu hapa Siyu kina jiwe mdomoni,
na jiwe lina mifereji kumi na tisa iliyochorwa na kamba.
Nimeihesabu nikingoja zamu.
Yote ni mikono ya wanawake.
Mwanamume akija hapa, huja kunywesha punda,
na siku hizi punda naye hunusa, akageuza shingo.

Mama mkwe, Bi Mwanashee, alikuwa akiyaonja kwa ncha ya ulimi:
haya ya kunwa,
haya ya kufulia,
haya mpelekee mnazi.
Masika iliponyamaza mara ya tatu
alionja, akatema, akafuta mdomo kwa pindo la leso.
"Mai haya si ya kunwa, mwanangu.
Haya ni ya kulilia."
Mnazi wa uani ukaanza kufa kutoka juu,
kama mtu aliyeota mvi usiku mmoja.

Bunu husukuma kikombe. "Chai hii umeitia nini?"
Sijaitia kitu, Bunu.
Bahari imeingia jikoni kabla yangu.
Maziwa hukatika hayajachemka,
sabuni yakataa povu,
nywele za Tima zimekuwa makumbi.
Basi husimama alfajiri na madumu mawili
na tumbo la miezi saba katikati yao,
naenda jabia la kina Famau, lenye kufuli sasa.
Hamsini dumu moja.
Yakiletwa kwa boti, themanini.
Aliyekuja kumposa Shamsa hakuulizwa kazi yake.
Aliulizwa: kwenu kuna jabia?
Akasema lipo, lina ufa.
Wakamwambia akalizibe kwanza, posa itangoja.

Mwezi uliopita walikuja wageni, wakatuita shuleni
saa ileile ya zamu ya maji.
Ukutani wakarusha picha: dunia nyekundu,
barafu ya nchi za watu inamong'onyoka.
Bwana mmoja mpole akatuuliza
kama tumewahi kusikia neno tabianchi.
Tukatazamana.
Bi Mwanashee akasema, "Neno hatulijui. Ladha yake twaijua."
Akaliandika hilo. Alilipenda sana.

Walipoondoka niliokota chupa zao chini ya viti.
Tisa. Saba tupu; mbili zimebaki nusu,
moja ina alama ya rangi ya mdomo.
Nilizificha ndani ya buibui kama mwizi.

Nyumbani nikamwita Tima, ana miaka mitano,
nikamminia kwenye kikombe cha wageni.
Alikunywa polepole, akayazungusha mdomoni,
akakunja uso.
"Mama, mbona maji haya hayana kitu?"

Sikumjibu.
Nusu ya pili nimeiweka juu ya kabati,
nyuma ya kadi ya kliniki.
Ni ya yule anayenipiga mateke usiku.
Nataka aanze na hayo,
japo kijiko kimoja,
ajue kilichoondoka.