Chungu cha Miguu Miwili

Masjala ya Kaunti ya Brannock, Missouri, hufunguliwa saa tatu.
Karani hunipa penseli (wino ni marufuku humu)
na meza iliyo karibu na bomba la mvuke linalokohoa.
Nimekuja kumtafuta mwanamke.

Sensa ya mwaka wa thelathini, karne ile,
humtaja mwenye mji peke yake: Obadiah Stroud.
Waliobaki ni tarakimu.
Wavulana chini ya miaka mitano: 2.
Wanawake, ishirini hadi thelathini: 1,
moja nyembamba, kama unywele ulioangukia karatasi.
Nilitaka kuupuliza.
Mimi ni kilembwekeza wa unywele huo.

Kisha Obadiah akafa, kwa homa ya mtoni,
bila wosia, mahindi yakiwa bado machanga.
Wakaja majirani watatu na daftari,
wakafungua kila kabati, wakapima kwa macho.
Kufa kufaana.

Plau moja, dola mbili na nusu.
Nguruwe kumi na wanne, wako msituni, wakipatikana.
Kitanda cha manyoya. Gurudumu la kusokotea.
Kitabu kimoja, hakisomeki.
Chungu cha chuma, mguu mmoja umevunjika: senti sabini na tano.

Maiti haulizwi sanda,
na mjane, naona, hakuulizwa chungu.
Walikipeleka mnadani pamoja na vyote.
Nikashuka na kidole orodha ya wanunuzi,
Tolliver, Vardeman, Tolliver, Pruett,
hadi mstari wa ishirini na sita:
*Keziah Stroud, chungu, 75.*

Keziah!
Nilisema kwa sauti, karani akainua kichwa.
Alisimama uani kwake, miongoni mwa wanaume,
akanunua chungu chake mwenyewe.
Nilimpenda papo hapo. Nilimpenda kwa dakika nne,
muda wa kunoa penseli
na kufunua ukurasa.

*Mwanamke, Viney, miaka ishirini na miwili hivi: dola mia nne.*
*Mtoto wake, Wiley, miaka miwili: dola tisini.*
Wameandikwa kati ya farasi kipofu wa jicho moja
na pipa la chumvi.
Viney, akamnunua Vardeman.
Wiley, akamnunua Pruett.
Keziah, nimetafuta mara tatu,
hakupandisha bei hata kwa senti.
Labda hakuwa nazo. Labda.
Daftari haliandiki uso wa mtu.

Sensa haikumpa Viney jina.
Ya arobaini, tarakimu. Ya hamsini na ya sitini,
umri na rangi, chini ya jina la mwenye kummiliki.
Kilichompa jina ni bei.
Naye Keziah, muungwana, mwenye mume na mji,
jina lake lilimngoja hadi alipotoa senti sabini na tano.

Mwaka wa sabini, vita vimekwisha, minyororo imekatwa,
namwona: Vinny Vardeman, sitini hivi,
mfuaji nguo, hajui kusoma, anaishi peke yake.
Nimewapata akina Wiley watatu, kaunti tatu.
Mmoja ni seremala. Mmoja ana binti aitwaye Vina.
Sijui. Nimekaa na *sijui* hiyo tangu saa sita,
imenikalia kifuani kama jiwe la kusagia.

Keziah alikufa mwaka wa sitini na moja.
Katika mirathi yake, mstari wa mwisho kabla ya jumla:
chungu, miguu miwili, senti kumi.
Miaka ishirini na saba alikiegemeza kwa jiwe.
Lakini kabla ya mnada, nani alikikoroga?
Mkono wa nani ulijua upande kinakopinda?

Karani anazima taa za nyuma; saa kumi na moja karibu.
Nachukua kadi tupu, naandika:
Viney. Wiley, mwanawe. Kitabu C, ukurasa 118.
"Ya nani hii?" ananiuliza.
Namwambia iweke. Yupo mtu atakayekuja,
pengine keshokutwa, pengine baada yangu,
akitafuta unywele wake.
Anaitia kwenye droo, pamoja na kamba na funguo.
Nje theluji imeanza. Sikuvaa glavu.
Vidole vyangu vina vumbi lao wote wawili,
na sijui lipi ni la nani.