Mifuko Sita ya Mchanga

Sina shamba. Naanza na hilo, maana ndilo swali
la kwanza la kila jirani: Una shamba, Orest?
Sina. Mashua ya kuvuta hadi ziwani? Sina.
Farasi, basi? Nina baiskeli moja
na mke asiyepanda chochote kisicho na kiti cha kupashwa moto.

Miaka thelathini na minne nilikagua kodi za wenzangu
mjini Yorkton, kalamu nyekundu mkononi:
Gari hili ni la kazi au la starehe?
Tia alama kisanduku kimoja.
Wote walitia kazi. Hata yule wa duka la maua,
hata mchungaji. Kile cha pili hakikuguswa.

Nililiona mwezi wa kumi, uani kwa Hedy Wurtz,
kando ya barabara ya changarawe:
pikapu la dizeli, rangi ya kahawia iliyochoka,
kilomita laki nne na ushei.
Marehemu mumewe alilibebesha ngano, mbolea, ndama mgonjwa,
na mara moja jeneza la mama mkwe,
gari la mazishi lilipokwama topeni.
"Nawe utabeba nini?" akauliza.
Nikasema, "Mimi."
Alicheka, akapunguza dola mia tatu.

Raha iko wapi? Sijui kumweleza mtu
ambaye gari lake huondoka kimya kama friji.
Hili huliwashi, unaliomba.
Unazungusha ufunguo nusu, taa ya njano inawaka,
unangoja chuma kipate moto ndani,
unahesabu, kumi, kumi na moja,
taa inazimika, ndipo unamalizia,
na mwili wote unakohoa, unakataa, unakubali,
kraka-traka-kraka, kioo cha jikoni kinatetemeka,
Darlene anafunika kikombe chake kwa kiganja.

Usiku, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
nalichomeka kwenye umeme, waya ukining'inia puani
kama mgonjwa wa wodini. Bili tunayo.

Baba hakuwahi kununua kitu kisichomlipa.
Mbwa alilinda, paka alikula panya,
na kinanda cha mama kiliuzwa mwaka wa ukame
kwa kuwa hakikutaga.
"Kisichobeba mzigo," alisema, "ni mzigo."
Alikufa na buti zenye viraka, na fedha benki
ambazo mimi, mkaguzi, nilizihesabu mara mbili
kwa kutoamini.

Basi kila Jumapili naendesha kwenda popote.
Napita pale minara ya nafaka ilipokuwa,
dirisha nimelishusha inchi mbili
nisikie turbo ikipiga mluzi
kwenye kilima pekee tulichojaliwa.
Bodi ya nyuma tupu. Siku moja nilibeba jani,
moja, la njano, kilomita sitini;
lilizunguka, lilizunguka, halikushuka.

Desemba barabara ikaganda.
Gari tupu, nyuma nyepesi, likanizungusha
mara moja na nusu, taratibu, kama dansi ya harusi,
likanitua mtaroni nikitazama nilikotoka.
Sikuumia. Injini iliendelea kunguruma, haina habari.
Kijana aliyenivuta kwa trekta alisema,
"Mzee, weka uzito nyuma. Kila mtu anaweka."

Nikanunua mifuko sita ya mchanga,
nikaipanga juu ya ekseli, mmoja mmoja,
mgongo ukilalamika. Sasa gari linabeba.
Linabeba mchanga kutoka nyumbani hadi nyumbani,
mchanga uleule, usioshushwa, usiongojwa na mtu.

Nimemsikia baba akiguna huko aliko,
sijui kama ni kwa hasira.

Jana Darlene alitoka na mto wa kukalia.
"Kiti chako kina baridi," alisema. "Na twende polepole."
Taa ya njano ikawaka.
Tukahesabu wote wawili.