Safu ya Maelezo

Saa mbili asubuhi, saa mbili usiku,
miaka ishirini na miwili sasa,
nashuka ukingo wa Naryn, penseli sikioni,
kuisoma rula ya chuma iliyopigwa misumari nguzoni.
Mia mbili na arobaini. Mia mbili na arobaini na tatu.
Mto hautulii ukaniacha nione mstari;
unaramba tarakimu, unaziachia, unaziramba tena,
nami nangoja kati ya wimbi na wimbi
kama mtu anayetafuta pa kuchomeka neno
katika ugomvi wa wengine.

Mara moja kwa wiki napanda kikapu cha waya,
naning'inia katikati ya mkondo,
nateremsha rafadha ndogo ya shaba.
Kila ikizunguka mara ishirini, kengele hulia.
Nahesabu kengele, nagawa kwa sekunde,
napata namba moja, pole, iliyochana nywele:
wastani.
Makao makuu Bishkek hawataki kingine.
Hawaulizi habari za kizingia chini ya jabali
kinachomeza gogo la msonobari alfajiri
na kulitema adhuhuri halina ganda.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Aliyesema hakuulizwa yalikuwa mangapi.

Toktosun yuko Yekaterinburg, mwaka wa sita,
anapaka rangi nyumba za watu.
Kwetu chai hutiwa nusu bakuli,
mgeni akae, mkono upate kurudi kumimina.
Bakuli likijaa pomoni, maana yake: kunywa, uende.
Usiku wa mwisho nilimjazia.
Nikasema mkono umeteleza.
Akalitazama bakuli mpaka mvuke ukaisha.
Hutuma fedha kila tarehe kumi.
Ukizijumlisha, ukazigawa kwa miezi,
tuna ndoa nzuri sana.

Mwaka huu theluji iliyeyuka kabla ya wakati wake,
maji yakaja rangi ya matofali,
na wiki iyo hiyo mwanangu Emilbek akaandika:
Mama, tuko uwanjani, tuko wengi.
Kisha simu ikafa.
Redioni mtu mwenye sauti iliyopigwa pasi
akatangaza kwamba hali, kwa jumla, ni shwari.
Kwa jumla!
Nilimtambua papo hapo:
naye amepewa kikapu chake,
naye anahesabu kengele, anagawa kwa sekunde.

Mia tatu na kumi. Mia tatu na thelathini na moja.
Daraja likatetemeka chini ya nyayo zangu
kama ngozi ya farasi aliyetuliwa na nzi.
Safu ya mwisho ya daftari imeandikwa Maelezo.
Miaka yote nimejaza humo barafu, matope,
safari moja ng'ombe.
Siku ya tano nikaandika: mwanangu hajapiga simu.
Nikafuta. Karatasi ikachubuka.
Pale mahali hapashiki tena penseli.

Alirudi juu ya lori la vitunguu,
kiatu kimoja chake, kimoja cha mtu mwingine,
sikio la kushoto, alisema, linavuma kama huku nyumbani.
Sikuuliza. Nikamimina nusu.
Akanywa. Nusu.
Akanywa. Nusu,
mpaka birika likaona haya.

Asubuhi akasema leo atahesabu yeye.
Tukaingia kikapuni magoti yakigusana,
nikaishusha rafadha kwenye yale maji mekundu.
Kengele zikaja mbilimbili, zikanyamaza,
zikaja rundo, kama watu wanaotoka mlango mmoja.
"Kumi na saba," akasema.
Mimi nimesikia kumi na tisa.
Tukatazamana, kikapu kikiyumba,
na penseli bado iko sikioni mwangu.