Hodi Nne

Printa tuliinunua kwa wakili wa Govan aliyefunga ofisi,
pauni thelathini, na ngazi tatu za kuipandisha,
mimi na Tusekile, Jumamosi ya mvua ya Glasgow
ile isiyonyesha wala kukatika.

Mwaka mzima ikafungwa kwa waya mfupi
kwenye kompyuta ya katibu, Bwana Hatibu.
Akiifunika akaenda zake kazini,
chama kizima hakina karatasi.
Ukitaka kuchapa barua, kwanza umtafute Hatibu,
umsalimie, umuulizie magoti yake,
ndipo umkabidhi flashi kwa mikono miwili, kama posa.

Leo nimekuja na kebo ya mita kumi.

"Unaipeleka wapi?"
Kwenye ruta, Bwana Katibu. Pale penye taa za kijani.
Ile ndiyo lango la ofisi nzima.
"Na mimi?"
Na wewe utapita hapohapo, kama sote.
Akanyamaza. Akachukua birika, akaenda kulijaza maji
nalo limejaa.

Mama Sikujua amekaa na koti lake, hajalivua.
Barua ya nyumba imo kwenye simu yake tangu Jumatano.
Anauliza ninaandika nini. Namwambia: anwani.
Kila mashine humu ina yake.
Mafungu matatu ya mwanzo ni mtaa na ngazi, hayo tunashirikiana;
la mwisho ndilo mlango wako.
Ruta huzigawa yenyewe, lakini kwa kukopesha:
leo wewe ni kumi na nne, ukizima ukiwasha
kumi na nne kapewa mwingine,
na wanaokutafuta wanambishia mgeni.

"Hiyo naijua," anasema. "Nimehamishwa mara sita.
Barua zangu mpaka leo anazisoma mtu wa Springburn."

Ndiyo maana printa inapewa ya kudumu.
Hamsini. Naiandika, nabonyeza hifadhi.
Imekwisha.

"Imekwisha?"
Imekwisha.
"Hakuna fomu? Hakuna mahojiano?"
Dakika moja tu, mama.
Hakucheka. Aliitazama ile printa
kama unavyomtazama aliyekuruka kwenye foleni.

Kisha dereva. Walioliita jina hilo walikosea:
haendeshi kitu. Ni mkalimani.
Kompyuta ina lugha yake, printa ina yake,
na bila huyu wa katikati
unatoka ukurasa wa nyota na alama za kuuliza.
Sikujua anaitikia kwa kichwa. Yeye, mtu wa Bukavu,
aliwahi kuletewa mkalimani wa Kilingala,
na majibu yakaandikwa hivyo hivyo.

Sasa nabisha.
Kwetu hodi ni tatu; ukikosa jibu, unarudi ulikotoka.
Kompyuta hubisha nne, haina haya.
Hodi. Kimya.
Hodi. Kimya.
Tusekile anachuchumaa chini ya meza,
anaisukuma kebo hadi inalia ta.
Hodi. Karibu, milisekunde mbili.
Hodi. Karibu.

Bwana Hatibu akaileta kompyuta yake mwenyewe,
akaiweka mbele yangu bila neno.
Nikambadilishia njia, kutoka waya wake hadi hamsini.
Printa ikakohoa, ikavuta karatasi,
ikatema nakala kumi na moja
za mwaliko wa kikao cha Aprili.

Zilikuwa zimekwama kwenye foleni, miezi saba.
Kikao kile kila mtu alisema hakualikwa,
na aliyelaumiwa tunamjua.
Ni Novemba. Anaziokota mojamoja, zingali moto,
anazigonga mezani kingo zilingane.
"Nilichapa," anasema. "Niliwaambia nilichapa."
Tusekile alibaki chini ya meza
muda mrefu kuliko kebo ilivyohitaji.

Ya kumi na mbili ilikuwa ya Sikujua.
Aliisoma akiwa amesimama,
kidole juu kulia, panapokaa anwani,
kisha akaomba kalamu.