Nukta Mbili Nyekundu

Stumai aliileta Jumatatu kwenye bajaji,
imefungwa khanga kama mgonjwa wa Muhimbili.
"Inaimba robo saa, dakika ishirini,
kisha sauti inakwenda. Haikatiki. Inakwenda,
kama mtu anayeongea huku anatoka mlangoni.
Ukiipiga kofi, inarudi."

Nani kakufundisha kuipiga kofi?

"Baba."

Fundi yeyote wa Gerezani atakwambia:
kitu kilichokufa hakina shida,
unakipasua, unakuta palipoungua, basi.
Kazi ni hiki kinachokufa nyumbani kwa mwenyewe
kikafufuka mezani kwangu.
Nikaiwasha saa tatu. Valvu zikashika moto taratibu,
rangi ya ncha ya sigara.
Gitaa la mtoto wa jirani, lina nyuzi nne tu.
Saa nne, inaimba. Saa tano, inaimba.
Muuza kahawa akasimama, akacheza hatua mbili, akaenda zake.
Nikazima. Nikajiona mjinga.

Jumanne nikaanza kushuku.
Kwanza Tanesko, maana Tanesko hushukiwa kwanza:
mita ikasoma mia mbili na nane, mia mbili na thelathini,
unapanda unashuka kama homa,
lakini kitaa cha mbele hakikufifia. Nikamwachia.
Kisha waya wa gitaa. Nikaazima mwingine.
Kisha nobu ya sauti, inayokwaruza kama koo la alfajiri;
nikaipulizia dawa, nikaizungusha mara hamsini, ikalainika,
na saa nane kasoro, mbele ya macho yangu,
sauti ikaondoka.

Nilifurahi kama mtu aliyemwona mwizi.
"Usizime!" nikamfokea Ngwembe. "Usiguse kitu!"

Nikachukua kijiti cha mshikaki, kikavu,
maana mle ndani mna volti mia nne
na mke wangu bado ananihitaji.
Nikagonga valvu ya kwanza. Kimya.
Ya pili. Kimya.
Nikazigonga kapasita za kahawia, moja moja,
hapa panauma? hapa je?
Chini ya soketi ya tatu, kijiti hata hakijagusa vizuri,
sauti ikaruka ikajaa chumba,
Ngwembe akamwaga chai.

Nikazima, nikangoja chaji iishe, nikavuta taa.
Rezista moja: mguu umezungushwa kwenye pini,
na lehemu juu yake ya kijivu, imekunjamana,
iliyomwagwa kabla chuma hakijapata moto.
Ikipoa, mguu unagusa. Ikipata joto, unajitenga
unywele mmoja.
Na kando, kwenye bati, kwa rangi ya kucha,
nukta mbili nyekundu.

Fundi Menezi alimpa kila mwanafunzi alama yake
ili ajue nani kaharibu nini.
Nukta mbili nyekundu, mwaka sabini na tisa:
mimi.
Umri miaka kumi na saba, lori la bendi linanguruma nje,
ukumbi Ilala umeshauza tiketi,
na Shomvi, gitaa begani, anachungulia mlangoni:
"Kijana, bado?"
"Tayari," nikasema.

Marehemu ameipiga kofi maisha yake yote
akidhani ndivyo ilivyoumbwa.
Akamrithisha binti gitaa, na kofi.

Nikakwangua. Nikangoja chuma kiive, safari hii nikangoja.
Lehemu ikatiririka, ikang'aa
kama jicho la samaki wa Feri saa kumi na mbili asubuhi.
Nikaongeza nukta ya tatu.

Alhamisi Stumai akaipiga saa nzima.
Ilipofika dakika ya ishirini
mkono wake wa kulia ukaacha nyuzi, ukainuka wenyewe,
ukabaki hewani, hauna pa kutua.

"Ilikuwa nini?"
"Lehemu."
"Unanidai shilingi ngapi?"

Nikajifanya natafuta kalamu.